Kuhesabu Pomboo kwa Pezi la Mgongoni

Wengi wanaojitolea kusaidia watafiti wa pomboo hudhani watashinda majini wakiogelea nao. Msaidizi wa kweli hushinda botini, jua la utosi, macho yakikagua maji ambayo mara nyingi hayana kitu. Akirudi nchi kavu huketi mbele ya kompyuta, na huko ndiko saa zake nyingi huishia.

Tuchukue Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Zamani wavuvi wa hapo waliwavua pomboo kwa nyama na chambo cha papa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watalii wakaanza kupelekwa kuwatazama. Pwani hiyo ina aina mbili zinazoonekana mwaka mzima: pomboo pua-chupa, na pomboo nundu, ambaye yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden waliwafuatilia, na kwa miaka ya 1999 hadi 2002 walikadiria kuwa pua-chupa wa eneo hilo walikuwa kati ya 136 na 179. Utamhesabu vipi mnyama anayejitokeza kwa sekunde mbili tatu, kisha akazama na kuibukia kwingine?

Jibu limo kwenye pezi la mgongoni. Ukingo wake wa nyuma ni mwembamba, na kadiri pomboo anavyokua unapata mapengo kwa kuumwa na wenzake, kwa nyavu au kwa mishipi. Mikwaruzo ya meno hufutika baada ya muda, lakini pengo halizibiki, kwa hiyo pezi hupigwa picha na kulinganishwa na picha za awali. Ndama huwa na pezi safi, hivyo hawatambuliki kwa njia hii. Hutambuliwa kwa mama zao.

Kutoka kwenye picha hadi idadi, hesabu ni nyepesi. Tuseme safari ya kwanza umetambua pomboo 40. Safari ya pili umepiga picha pomboo 50, na kati yao 20 ni wale wale wa mwanzo. Ikiwa ulioonana nao mara ya pili wanawakilisha kundi zima, basi wale 40 wa mwanzo ni sehemu mbili kwa tano ya wote, na wote ni kama 100. Watafiti hutumia fomula ndefu kuliko hiyo, zinazozingatia wanaozaliwa, wanaokufa na wanaohama, lakini msingi ni huo huo.

Hapo ndipo msaidizi anapoweza kuharibu kazi bila kujua. Akipiga picha za wale wanaoruka tu, au wenye mapengo makubwa yanayopendeza kamera, hesabu imepinda. Akiwafananisha pomboo wawili tofauti na kuwaandika kama mmoja, idadi inashuka. Akishindwa kumtambua aliyekwisha kumpiga picha, idadi inapanda. Kwa hiyo kila picha hukaguliwa na mtu wa pili, na zile zenye ukungu au zilizopigwa kwa pembe mbaya hutupwa hata kama ni nzuri kuzitazama. Sijui kazi nyingine inayomfundisha kijana subira kama hii.

Daftari nalo lina nidhamu yake. Huandikwa saa ya kuondoka, njia ya boti, hali ya upepo na mawimbi, na huandikwa hata siku isiyoonekana chochote. Siku tupu ni takwimu: bila hizo huwezi kujua kama pomboo wamepungua au ni nyinyi mliotoka mara chache. Kusi likivuma na mawimbi yakaanza kuvunja povu, kazi husimamishwa, maana pezi halitofautiki tena na wimbi.

Pomboo wakionekana, kila baada ya dakika chache mtu hutaja wanachofanya: wanasafiri, wanakula, wanapumzika, wanacheza. Ni kazi ya kuchosha, lakini takwimu za namna hiyo zilizokusanywa Kizimkazi, matokeo yake yakachapishwa 2010, zilionyesha kwamba boti za watalii zikiwepo pomboo walipunguza kula, kupumzika na kujumuika, wakatumia muda mwingi zaidi kusafiri. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa ndama mmoja tu, kisha humlea kwa miaka. Akikosa muda wa kula na kunyonyesha, hasara haionekani msimu huo. Huonekana baadaye, ndama wanapopungua.

Ndiyo maana kumbukumbu za miaka mingi zina thamani. Katika ghuba ya Sarasota, Florida, pomboo wanafuatiliwa tangu 1970, na jike mmoja aliyepewa jina la Nicklo alikuwa bado anaonekana akiwa na umri wa miaka 67. Hakuna mtafiti mmoja anayeweza kulinda daftari kwa muda huo peke yake. Ni mikono ya wasaidizi wengi, kila mmoja akiandika kwa namna ile ile kama aliyemtangulia.

Kwetu, nahodha na wavuvi ndio wanaowaona pomboo mapema kabla mgeni hajainua darubini. Wao na vijana wa vijiji vyao ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kufundishwa kamera na daftari, kwa sababu mgeni huondoka baada ya wiki chache na ujuzi wake.

Ukitaka kujitolea, kabla hujalipa ada uliza picha zinahifadhiwa wapi, nani anazichambua, na boti huwasogelea pomboo hadi umbali gani. Ukiahidiwa kuogelea na pomboo kila asubuhi, jua kwamba hiyo ni safari ya kitalii, na ulipe bei ya mtalii.