Mohammed Koya wa Kerala: Cheo Kifupi, Kazi Ndefu

C. H. Mohammed Koya wa Kerala, kusini mwa India, hutajwa zaidi kwa kuwa Waziri Kiongozi wa jimbo lake Oktoba 1979. Cheo hicho hakikufika miezi miwili: chama chake, Muslim League, kilikuwa na viti vichache, na washirika walipojitoa serikali ikaanguka.

Kazi yake hasa ilitangulia. Tangu 1967 alikuwa waziri wa elimu, naye akitokea Malabar, kaskazini mwa jimbo, wanakoishi Waislamu wengi na walikokuwa nyuma kimasomo. Mwaka 1968 kikaanzishwa huko Chuo Kikuu cha Calicut. Kabla yake, vyuo vya Malabar viliendeshwa chini ya chuo kikuu kilichokuwa Trivandrum, mbali kusini. Alifariki 1983.