Kompyuta Zilizoacha Kuonana

"Fundi, kompyuta zangu zimeacha kuonana."

Aliyenipigia ni mama mwenye duka la steshenari kule Sigino, Babati, na kwa mtu wa kazi yangu maneno hayo yalitosha. Nilijua ana mashine kuukuu na mpya, nikajua pia kwamba amekwisha kuzizima na kuziwasha zote mbili mara tatu kabla ya kushika simu.

Ile kuukuu ni ya Windows XP. Hawezi kuitupa kwa sababu programu ya skana yake, ile anayoskania vyeti na vitambulisho vya wateja, haikubali Windows nyingine. Mpya ni laptopu ya Windows 10, toleo la Home. Mwaka mzima laptopu ilikuwa inachukua faili kutoka kwenye folda ya XP bila shida. Kisha pawa saplai ya ile kuukuu ikaungua, ikakaa kwa fundi karibu mwezi mmoja. Iliporudi, laptopu haikuipata tena. Mama akaamini fundi wa pawa saplai ameharibu kitu. Hakuharibu, na nilitaka hilo lieleweke mapema maana walikuwa wamekwisha kununiana.

Kuna mambo madogo ya kutazama kwanza, na kesi nyingi huishia hapo hapo. Je, mashine zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja? Mara kwa mara nakuta moja imeungwa kwa waya kwenye ruta, nyingine inakula hotispoti ya simu ya mwenye duka. Hizo ni nyumba mbili tofauti. Linganisha namba zao za mtandao: kama moja ni 192.168.1.5 na nyingine ni 192.168.43.20, kwa ruta za kawaida za dukani usihangaike na mengine mpaka uzirudishe sehemu moja.

La pili ni jina. Windows za zamani zilijuana kwa kupigiana kelele mtandaoni, kila moja ikitangaza jina lake. Windows za sasa zimeacha utaratibu huo, kwa hiyo mashine kutoonekana kwenye orodha si ushahidi kwamba haifikiki. Andika namba yake moja kwa moja pale juu kwenye dirisha la mafaili, ikitanguliwa na mikwaju miwili iliyolala kinyume: \\192.168.1.5. Ikifunguka, tatizo lilikuwa orodha tu.

La tatu ni nywila. Mtu anayefungua Windows 10 kwa PIN ya tarakimu nne hujaribu kuiandika PIN hiyo hiyo kwenye kompyuta ya pili, inakataliwa. PIN ni ya mashine ile ile moja. Mtandaoni huulizwa nywila ya akaunti yenyewe. Na akaunti isiyo na nywila kabisa hairuhusiwi kuingia kwa njia ya mtandao, hata kama folda umeifungua kwa kila mtu.

Pale Sigino yote matatu yalikuwa sawa. Mashine zilikuwa kwenye ruta moja, zinaitana kwa namba na kuitikiana. Zilionana. Zilichokosa ni lugha.

Babati hili si jambo geni. Bibi anayejua Kigorowa peke yake na mjukuu aliyekulia Dar es Salaam wanaweza kukaa jiko moja, kila mmoja akamwona mwenzake vizuri, wasielewane neno. Kompyuta za Windows hugawana mafaili kwa lugha iitwayo SMB, iliyoanza miaka ya 1980 mikononi mwa Barry Feigenbaum wa kampuni ya IBM. Toleo lake la pili lilikuja na Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote Januari 2007, na la tatu likaja na Windows 8 mwaka 2012. XP ni ya mwaka 2001. Inajua toleo la kwanza tu, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo haitafundishwa jingine.

Mjukuu wa hapa, yaani laptopu, kwa upande wake aliijua lugha ya bibi. Alikatazwa kuizungumza, na sababu inastahili kuelezwa kwa kituo.

Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita kwenye ufa uliokuwa ndani ya SMB ya kwanza. Mbinu yenyewe ilikuwa imevuja kutoka shirika la kijasusi la Marekani, NSA. Havikuhitaji mtu abonyeze kiungo wala afungue barua: kompyuta moja ikiambukizwa, inagonga mlango wa jirani yake mtandaoni, mlango unafunguka, mafaili yanafungwa kwa msimbo wa siri na fedha zinadaiwa. Kwa siku chache viligusa kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150. Hospitali za umma Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka Machi ya mwaka ule, lakini mashine nyingi hazikuwekewa.

Oktoba 2017 sasisho la Windows 10 likaanza kuiweka kando lugha hiyo. Katika toleo la Home, sehemu ya kuomba mafaili kwa SMB ya kwanza iliachwa, ila kwa sharti: ikipita jumla ya siku 15 kompyuta ikiwa imewashwa bila sehemu hiyo kutumika, Windows inaiondoa yenyewe, kimya kimya. Hapo ndipo kisa cha pawa saplai kinapoeleweka. XP ilikuwa kwa fundi, laptopu ikaendelea na kazi za kila siku, siku 15 zikatimia.

Mtandaoni utaambiwa urudishe SMB ya kwanza na umalize. Inawezekana, kwenye orodha ya vipengele vya Windows vya kuwasha na kuzima, lakini jua unachowasha. Kuna kisanduku cha kuomba mafaili na kisanduku cha kuyatoa, na ni vitu viwili. WannaCry ilipita upande wa kutoa. Ukilazimika, washa cha kuomba peke yake, halafu laptopu ndiyo iende kuchukua kwa XP. Usiifanye XP ndiyo ije kuchota kwenye laptopu, maana hapo umeuweka mlango mbovu kwenye mashine yenye kazi zako zote. Na ukiirudisha kwa mkono, Windows haitaiondoa tena yenyewe, itabaki hapo hata utakapokuwa umesahau.

Mimi sikuirudisha. Bado XP yenyewe ingekuwa imekaa kwenye ruta ikiwa na mlango wazi, na folda ile ina namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya mashamba ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayezishika azilinde. Hata isingekuwepo sheria, ni majirani zake wale.

Nilitafuta mkalimani. Mama alikuwa na kompyuta ya tatu, imelala stoo. Nikaiwekea Linux na programu ya Samba, kazi aliyoianza Andrew Tridgell mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa uzamivu huko Canberra, Australia. Jina alilipata kwa kutafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Samba nayo, tangu mwaka 2019, haizungumzi lugha ya kwanza mpaka uiambie, nami nikaiambia kwa upande mmoja tu. Mashine hiyo ina matundu mawili ya waya. Moja linakwenda kwa XP moja kwa moja, jingine kwenye ruta. XP haioni ruta, haioni intaneti, inaona folda moja tu ya kuweka ilichoskania. Laptopu inaingia folda hiyo kwa lugha mpya na kwa nywila. Faili likitimiza siku saba linafutwa.

Windows 10 nayo iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mama anapanga kununua laptopu ya Windows 11. Nimemwandikia jina la mtumiaji na nywila kwenye daftari lake la mauzo, ukurasa wa mwisho, maana Windows 11 Pro za sasa hazikubali kuingia folda ya mtandao kama mgeni. Siku ile, kabla sijaondoka, tulijaribu na cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyekuwa anaandikishwa darasa la kwanza. Kilitokea kwenye laptopu. Mama akampigia fundi wa pawa saplai.