Commodore 64 ya Mzee Inajirudia Mwanzo? Pima Adapta Kabla Uguse Kitu Ingine

Wasee, hii mashine imenitoa jasho wiki mbili. Anko wangu wa Buruburu alinunua Commodore 64 akiwa Uingereza miaka ya themanini, ikalala juu ya kabati mpaka juzi akaniita. "Si wewe ndio mtu wa kompyuta? Niwashie." Tukaiunga kwa TV ya zamani, skrini ya buluu ikatokea, mzee akaanza kuchapa BASIC akicheka kama mtoto. Dakika kumi hivi, paap! Kila kitu kimefutika.

Hii kitu ilitoka 1982 ikiwa na memori ya kilobaiti 64. Picha moja tu ya simu yako haitoshei humo. Na haijisevii yenyewe, so ikijirudia, kazi yote imeenda.

Kwanza jua ni ugonjwa gani. Skrini ikifutika halafu ule mstari wa 38911 BASIC BYTES FREE urudi, mashine imejirudia mwanzo, na hapo mimi hushuku stima kwanza. Picha ikikwama ama herufi za ajabu zijae, hiyo ni kuganda. Angalia joto, chipu, ama katriji chafu.

Sasa adapta, lile tofali zito. Linatoa volti 5 za DC na volti 9 za AC. Shida ni, likizeeka zile 5 zinaweza kupanda pole pole, na manze, zikipanda zinakaanga chipu za memori. Chomoa adapta kwa kompyuta, chukua multimita, pima, halafu liache kwa stima nusu saa upime tena, juu likiwa baridi linaweza kukudanganya. Likipita 5.2, usilirudishe kamwe. Likishuka chini ya 4.8, hapo ndio kujirudia kunatoka. Usijaribu kulifungua, mengi yamejazwa gundi ngumu ndani. Tafuta adapta mpya ya C64. Na kama mashine yako ilitoka Marekani, adapta yake ni ya volti 120. Ukiichomeka kwa soketi yetu ya 240, umeizika.

Letu lilisoma 5.1 likiwa baridi. Baada ya nusu saa, 5.4. Fundi mmoja wa Luthuli alikuwa ashaniambia tung'oe chipu zote tubadilishe. Tungeweka memori mpya, tofali lizichome tena!

Tukapata adapta poa, lakini bado ikajirudia. Hapo ndio nikagusa swichi ya kuwasha, skrini ikaruka. Miguu yake ya ndani ilikuwa imeshika kutu. Nikachomoa stima, nikapuliza dawa ya kusafisha swichi, nikaibonyeza kwenda na kurudi mara thelathini. Kama yako inaruka ukitikisa waya, solda ya soketi imepasuka. Hiyo ni kazi ya fundi ya dakika tano.

Yako ikiwa inaganda, safisha meno ya katriji na spiriti, halafu gusa chipu kwa kidole. Chipu ya memori inayochoma kuliko wenzake imekufa. Ile inaitwa PLA huwa moto hata ikiwa mzima, so usiihukumu haraka.

Jana mashine ya anko imekaa masaa matatu bila kuruka. Amekataa kuizima.