Simu janja za vitufe zimerudi: kabla hujaagiza moja kutoka Dubai

Simu zenye vitufe vya herufi zimeanza kuonekana tena. Sisemi kabambe za tochi, hizo hazijaondoka madukani hata siku moja. Nasema simu janja kamili, yenye WhatsApp, kamera na intaneti, ila sehemu ya chini ya uso wake si kioo bali ni safu za herufi za kubonyeza. Mpwa wangu amekuja nayo moja kutoka Dubai, akaniachia wiki nzima niijaribu kwa kuwa ajua mkate wangu watokana na kuandika. Jina la kampuni sitalitaja. Hili si tangazo, na mengi nitakayoyasema yahusu simu zote za aina hii.

Kila aliyeiona mkononi mwangu aliuliza yapatikana wapi. Mimi naona swali la kwanza ni kama yafaa kununuliwa.

Wenzangu wa umri wa miaka arubaini na kitu wanazikumbuka Nokia E63, kisha Nokia C3 ya mwaka wa 2010, zilizotufundisha wengi wetu kuandika kwa vidole gumba viwili. Wenye uwezo walibeba BlackBerry, ya kampuni kutoka Waterloo, Kanada, iliyoanza kuuza vifaa vya jina hilo mwaka wa 1999. Halafu mwaka wa 2007 Apple ikatoa iPhone, na watu wakaona kwamba pale penye vitufe pangeweza kuwa picha. Watu wakataka picha. Septemba 2016 BlackBerry ikatangaza kwamba haitatengeneza tena simu yenyewe. TCL ya Uchina ikalichukua jina, ikatoa KEYone mwaka wa 2017, na mkataba wao ukaisha Agosti 2020. Tarehe 4 Januari 2022 huduma za zile BlackBerry za zamani zikazimwa. Simu za vitufe zinazouzwa leo zinatumia Android kama simu nyingine yoyote, lakini nyingi zatoka kwa kampuni ndogo. Hilo la udogo wa kampuni liweke moyoni, nitalirudia.

Sasa kwenye vidole. Chini ya kila kitufe pana kibati kidogo kilichobinuka kama kifuniko. Ukibonyeza kinazama, kinaunganisha njia ya umeme iliyo chini yake, herufi inatokea. Ukiachia kinarudi juu, nawe unausikia mrudio ule kidoleni. Hiyo ndiyo raha yake yote. Unaandika huku unamtazama mtu anayezungumza nawe, kidole kinajua kilipo. Kwa kasi sikuona faida. Siku mbili za mwanzo niliandika polepole kuliko kwenye kioo, na mwisho wa wiki tulikuwa sawasawa.

Kwa Kiswahili kuna mambo mawili. Mpangilio wa herufi ni ule ule wa QWERTY, uliobuniwa Marekani karne ya 19 kwa ajili ya mashine za taipu, na haukutufikiria sisi. Q na X, ambazo Kiswahili sanifu hakina haja nazo, zina vitufe vyao kamili. Lakini ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo imefichwa: lazima ushike kitufe cha alama kwanza, ndipo uipate. Si kazi kubwa, ila ukiandika ujumbe mrefu wachoka, na nawaona vijana wengi wanaoiacha kabisa.

La pili ndilo lililonifurahisha. Simu hii haibadilishi neno nililoandika. Inapendekeza pembeni, basi. Kwenye simu nyingi za kioo, ukiacha mipangilio ya Kiingereza iliyokuja nayo, waandika "lakini" au "dada" na simu yaona umekosea, yakugeuzia. Kwenye mzaha twacheka. Lakini fikiria tangazo la msiba kwenye kikundi cha mtaa: jina la marehemu, msikiti, maziko baada ya Alasiri. Neno moja likigeuzwa, watu wafika mahali sipo, au wafika maiti ameshazikwa. Na ujumbe wa namna hiyo huandikwa na mtu mwenye haraka na machozi, asiyeusoma mara mbili.

Hata hivyo, faida hii hailazimu kununua simu mpya. Kibodi ya Google iliyo kwenye simu nyingi za Android ina Kiswahili ndani yake. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili kwenye lugha, kisha uzime kule kusahihisha maneno kwa nguvu. Ni dakika tano na haigharimu hata shilingi. Mwenye kutaka vitufe kwa sababu hii peke yake, pesa zake na zikae.

Wapo lakini ambao kioo kimewashinda kwelikweli. Kioo cha simu hakipimi uzito wa kidole. Kina umeme hafifu juu yake, na ngozi inapoukaribia inauvuta kidogo. Hapo ndipo simu ijuapo umegusa wapi. Ngozi kavu au iliyokuwa ngumu haiuvuti vizuri, na tone la maji linauvuta pale usipotaka. Mvuvi aliyevuta nyavu miaka thelathini, seremala, mama anayekuna nazi na kuparua samaki, hawa hugonga kioo mara tatu ndipo kisikie. Bi mkubwa wangu ni mmoja wao. Aliacha kuandika zamani, kila jambo alisema kwa sauti, hata orodha ya sokoni. Juzi nilimpa hii, akaandika "leta nazi 3 na bizari" kwa utulivu, herufi moja moja, bila kuniita. Sauti ni nzuri, ila ukitaka kujua ulikubaliana bei gani na mtu wiki iliyopita, huna budi kusikiliza jumbe ishirini. Maandishi wayatafuta, wayapata.

Pesa ndipo paliponitia wasiwasi. Nambari hazina vitufe vyao, zimekaa pamoja na herufi. Kwenye BlackBerry nyingi 1, 2 na 3 zilikuwa juu ya W, E na R, nawe ulishika kitufe cha pembeni kuzipata. Nyingine za sasa zafuata mtindo huo huo. Kwenye M-Pesa kisanduku cha nambari ya siri huonyesha vitone tu, kwa hivyo hujui umeandika 1 ama umeandika W. Hii niliyo nayo ilikataliwa mara mbili kwenye menyu ya laini kabla sijaamua kuita tarakimu za kwenye kioo. Mwenye kuitumia kwa biashara asitume pesa kabla ya kulisoma jina la mpokeaji, na nambari ya siri aiandike kwa kioo.

Kioo chenyewe kimefupika. Video za kusimama zinakaa katikati na weusi pande zote mbili. Ukurasa wa msahafu, ambao ni mrefu kwa umbo, wauona nusu nusu. Programu moja ya benki ilificha kitufe cha "endelea" chini kabisa, nikakitafuta. Na anayeandika Kiarabu ajue kwamba vitufe vyake ni vya herufi za Kilatini peke yake. Itambidi aite kibodi ya kioo, nayo yameza sehemu kubwa ya kioo kilichobaki.

Halafu kuna hewa yetu. Vitufe vina nafasi kati yake, na huku kwetu hewa ina chumvi, mchanga na jasho. Chumvi hula bati. Nilimwonyesha fundi mmoja wa mjini, akaipindua pindua, akanambia kioo cha simu maarufu akikosa leo atakipata kesho, lakini vitufe vya hii vikifa yeye hana pa kuvitoa. Ndilo lile la kampuni ndogo. Spea haziko, na aliyekuuzia yuko ng'ambo.

Kwa hiyo mwenye jamaa anayekuja na nafasi kwenye sanduku, amwambie ainunue dukani, si kwa picha ya mtandaoni, na atie laini kabla ya kulipa. Aandike "ng'ambo" aone ritifaa iko wapi. Afungue programu ya benki anayotumia. Aandike tarakimu nne kwenye kisanduku cha siri. Na kama simu ni ya mzee, vitufe viwe na taa ndani, maana umeme wa huku kwetu mwaujua.