Kutoka Buna Hadi Loiyangalani kwa Pikipiki

Muhula uliopita palizuka ubishi katika chama chetu. Mwenzetu mmoja alisema ati kwenda kwenye tamasha la Ziwa Turkana kwa pikipiki si kazi: "Jaza tangi, vuta mafuta, umefika!" Wengi walimpigia makofi. Mimi sikucheka, kwa sababu mjomba wangu aliwahi kusema maneno hayo hayo, na nusura yamuue.

Tamasha hilo lilianza mwaka 2008 kule Loiyangalani. Hukutanisha Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabra, Waborana, El Molo na jamii nyingine za Marsabit, kila mmoja na ngoma yake na mavazi yake. Wageni huja kwa malori, kwa magari na kwa pikipiki.

Mjomba na rafiki yake waliondoka hapa Buna saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Walikuwa na chupa moja tu ya maji, na hawakumwaga mtu yeyote. Kabla hawajafika Moyale, mwiba ukatoboa tairi la nyuma. Pampu hawana, viraka hawana. Walisukuma pikipiki mpaka alasiri, maji yakaisha, ndimi zikakauka. Waliookoa maisha yao ni wachunga ngamia, waliowapa maziwa. Mzee mmoja akawauliza: "Wanangu, kisima chenu cha leo ni kipi? Na cha kesho?" Hawakuwa na jibu.

Swali hilo ndilo msingi wa safari ya huku kwetu. Mchungaji hahesabu kilomita. Yeye huhesabu maji. Mwenye pikipiki naye afanye hivyo hivyo, aongeze petroli tu.

Basi tuigawe njia. Kipande cha kwanza ni Buna hadi Moyale: mchanga, vumbi na miiba, na mvua ikinyesha ni matope matupu. Cha pili ni Moyale hadi Marsabit, karibu kilomita 250, lami tupu. Hapa vijana wengi hulewa mwendo, wakasahau kuwa ngamia hajui sheria za barabarani. Cha tatu ndicho kigumu. Kutoka Marsabit unateremka hadi Laisamis, kisha unakata magharibi kupitia South Horr. Barabara hiyo ya kilomita 208 ilitengenezwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo hadi Sarima. Iko mitambo 365, yenye uwezo wa megawati 310, na ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Mbele ya Sarima unakutana na mawe meusi ya volkano hadi Loiyangalani. Wako wanaopenda kupita jangwa la Chalbi na North Horr, lakini mvua ikishuka Chalbi hugeuka tope, na pikipiki hunasa kama nzi kwenye asali.

Sasa hesabu. Toka Laisamis hadi Loiyangalani weka kilomita 250. Pikipiki ndogo iliyobeba watu wawili na mizigo, kwenye mchanga na upepo, usiitegemee zaidi ya kilomita 25 kwa lita. Hizo ni lita 10. Tangi lenyewe likiwa la lita 11, ukipotea njia kidogo tu unasukuma! Kwa hiyo beba lita 5 za akiba. Maji nayo ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Watu wawili ni lita 10, yaani kilo 10. Ndiyo maana redio na viatu vya kutambia hubaki nyumbani. Na tafadhali, usitie maji katika mtungi uliowahi kutiwa petroli.

Halafu vifaa: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, spana, plagi na kebo ya klachi. Leseni, kitambulisho na helmeti si vya kuulizwa. Ondoka alfajiri, pumzika mtini jua likiwa kali, na usitembee usiku. Mwachie mtu wa nyumbani maneno haya: "Msipotusikia kufikia magharibi, tutafuteni." Uliza polisi na wenyeji hali ya usalama kabla ya kila kipande.

Mambo mawili ya mwisho. Upepo wa huko unaweza kuangusha pikipiki iliyosimama, kwa hiyo iegeshe kwa uangalifu na hema ulifunge kwenye mawe. Pia ukiliona ziwa, usidhani umefika kwenye maji ya kunywa. Maji yake ni ya magadi. Tafuta chemchemi za mjini.

Huko Ujerumani, tangu mwaka 1956, waendesha pikipiki wana mkutano wao uitwao Elefantentreffen. Hufanyika wakati wa baridi kali, nao hulala kwenye mahema juu ya theluji. Wao hujipanga kwa ajili ya baridi, sisi kwa ajili ya kiu. Asiyejipanga hafiki, huko wala huku.

Mjomba alijaribu tena baada ya mwaka mmoja, visima vyote vimeandikwa kwenye daftari. Alifika. Njiani alisimama kwa yule mzee, akampa sukari na majani ya chai. Mzee hakuuliza mengi. Alitazama tu mitungi ya maji nyuma ya pikipiki, akatabasamu.

Wenzangu, kuuliza si ujinga. Safari njema!