Baisikeli ya Magurudumu Madogo

Wasikilizaji, jamaa zetu wa Shinyanga na Geita hawahitaji kufundishwa faida ya baisikeli. Katika nchi ile ndiyo punda wa nyumba: huchukua pamba, madumu ya maji na magunia ya mkaa, na mjini Shinyanga huchukua hata abiria kwa nauli, nao watu wameipa jina la daladala kama gari. Baisikeli hiyo ni ile kubwa ya inchi 28, yenye bomba la juu. Leo nataka kusema nanyi habari za ndugu yake mdogo, wa magurudumu ya inchi 20 au 16, ambaye wengi humcheka wakidhani ni mchezo wa watoto.

Mwaka 1962 mhandisi wa Uingereza, Alex Moulton, aliyetengeneza pia mipira ya kupunguza mtikisiko katika gari dogo la Mini, alitoa baisikeli ya watu wazima yenye magurudumu ya inchi 16. Watu walicheka. Lakini mwezi wa Desemba mwaka ule ule John Woodburn aliipanda kutoka Cardiff hadi London, akavunja rekodi ya safari hiyo.

Maana yake ni hii. Gurudumu dogo ni jepesi, kwa hiyo huondoka upesi; spoku zake ni fupi, kwa hiyo halipindi kwa urahisi; tena huacha nafasi juu yake, mzigo ukakaa chini usimyumbishe mpandaji. Mtu atauliza, Je, miguu haitazunguka bure? Kweli, gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja huenda mita 2 na robo hivi, na la inchi 20 mita 1 na nusu na kidogo. Ndiyo sababu fundi huongeza meno ya gurudumu la mnyororo lililo mbele, na upungufu ukafidiwa.

Walakini faida kubwa kuliko zote si ya mwendo. Baisikeli kubwa, katika nyumba yenye baisikeli moja, ni ya baba. Mtoto huiendesha kwa kupenyeza mguu chini ya bomba, mwili umepinda upande, maana kiti hakifikiki. Na mama aliyevaa kanga hawezi kurusha mguu juu ya bomba lile. Ile ndogo kwa kawaida haina bomba la juu, na kiti chake hupandishwa na kushushwa kwa kitambo kidogo. Asubuhi binti huenda nayo shuleni, mchana mama huenda nayo sokoni, jioni baba akaichukua. Binti anayetembea saa nzima na zaidi kufika shule ya sekondari, huku baisikeli imeegemezwa ukutani kwa sababu hawezi kuipanda, ndiye hasa ninayemfikiria.

Wala nisiwadanganye. Katika mchanga ule ambao Wasukuma huuita luseni, gurudumu dogo huzama mapema, na shimo ambalo kubwa hulivuka, dogo huangukia ndani. Hata Moulton aliweka mipira ya kupunguza mtikisiko kwa sababu hiyo, nazo zilizo za bei ndogo hazina. (Katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua hakuna mshindi, zote hubebwa begani, na hapo nyepesi ndiyo bora.) Mwenye kwenda machimboni kwa njia mbaya, amechukua magunia, ashike ile ya inchi 28. Mwenye njia ya lami au changarawe ngumu, mjini Shinyanga, Kahama au Geita, aifikirie ndogo.

Ukinunua mtumba, soma tarakimu ubavuni mwa tairi. Ziko tairi za namna mbili zinazoitwa inchi 20, moja ina namba 406 na nyingine 451, wala moja haiingii mahali pa nyingine. Uliza kwanza dukani kwenu ni ipi inayopatikana. Na ikiwa ni ya kukunja, ikunjue, ifunge bawaba yake, kisha shika usukani na kiti uitikise kwa nguvu. Ikicheza, rudisha fedha yako mfukoni.