Viendelezi: Programu Ndogo Ziongezazo Kazi ya Kompyuta

1. Baiskeli na keria yake

Mtu anunuapo baiskeli mpya dukani, huipata tupu: ina magurudumu mawili, usukani, kiti na breki, basi. Mwenye duka hajui kama mnunuzi akaa Mombo, penye nchi ya tambarare, au kama atapanda nayo mpaka Soni na Lushoto, penye njia za kupinda na kupanda. Wala hajui kama atachukua vitabu vya shule au gunia la kabichi. Kwa sababu hiyo mtengenezaji huacha matundu ya skrubu katika chuma cha baiskeli, na kila mwenye nayo huongeza anachohitaji: huyu keria, huyu taa, na yule kengele. Baiskeli ni ile ile, lakini sasa yamfaa mwenyewe kuliko hapo kwanza.

Kompyuta nazo zina desturi kama hiyo. Kazi zote za kompyuta hufanywa kwa programu, yaani maagizo yaliyopangwa kwa taratibu. Iko programu ya kuandikia barua, iko ya kufanyia hesabu, na iko ile iitwayo kivinjari, ambayo kwayo watu hufungua kurasa za intaneti. Firefox na Chrome ni vivinjari vijulikanavyo sana. Mtengenezaji wa programu hawezi kuzijua haja za watu wote wa dunia. Basi naye huacha matundu yake, yaani mahali palipowekwa tayari ili programu nyingine ndogo ipate kushikamana na ile kubwa. Programu ndogo ya namna hiyo huitwa kiendelezi.

Firefox ilitolewa kwa watu wote tarehe 9 Novemba 2004. Watengenezaji wake walitaka kivinjari kiwe chepesi, na mengine yaongezwe na kila mtu apendavyo. Chrome ilifuata mwaka 2008, nayo ikakubali viendelezi kwa watu wote mwaka 2010.

2. Mistari myekundu chini ya Kiswahili

Faida ya kiendelezi yaonekana vema katika kazi ya kuandika Kiswahili. Kompyuta nyingi huletwa zikiwa zimetayarishwa kwa Kiingereza. Mtu akiandika Kiswahili, programu huyatafuta maneno yake katika orodha ya Kiingereza, isiyaone, ikapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, kana kwamba mwandishi hajui kuandika. Mstari huo hausemi kwamba neno ni baya. Wasema tu kwamba halimo katika orodha. Lakini hasara iko. Mistari ikijaa ukurasa mzima, kosa la kweli hujificha kati yake, kama mwizi katika watu wengi wa sokoni. Aliyeandika “mahakma” badala ya “mahakama” hataliona kosa lake.

Jambo hili si la kuchekwa. Mjini Lushoto kiko Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambamo watumishi wa mahakama hufundishwa kazi yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Tangu hapo karani na hakimu wahitaji chombo kinachokijua Kiswahili, kama vile mwalimu na mwanafunzi wanavyokihitaji.

Dawa yake ni kiendelezi cha tahajia. Kwa programu ya kuandikia iitwayo LibreOffice, ambayo hupatikana bila malipo, iko orodha ya maneno ya Kiswahili. Mwandishi huiweka katika kompyuta, kisha huiambia programu kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili. Hapo mistari myekundu hupungua, na ile inayobaki huwa na maana.

Kuitengeneza orodha hiyo si kazi nyepesi. Neno moja “soma” huzaa anasoma, hatukusoma, watakaposoma, wamesomeshwa, na mengine mengi sana. Kama yangeandikwa yote mojamoja, orodha isingekwisha. Kwa hiyo watengenezaji huweza kuandika mashina ya maneno upande mmoja, na upande wa pili kuandika kanuni za viambishi: ni kipi huweza kutangulia shina, na ni kipi huweza kulifuata. Chombo kitumiacho kanuni hizo huitwa Hunspell. Kilitungwa kwanza na László Németh kwa ajili ya Kihungari, lugha ya Ulaya ambayo nayo huunga viambishi vingi katika neno moja. Hivyo kazi iliyofanywa kwa lugha ya mbali imekifaa Kiswahili.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2004, pamoja na wenzao wa Sweden, walikuwa na kazi iliyoitwa Kilinux. Hawakuongeza orodha ya maneno tu; waliifasiri programu ya OpenOffice, hata maneno ya kuamuru kufungua, kuhifadhi na kuchapa yakawa ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu OpenOffice ilikuwa programu huria: maagizo yake yaliachwa wazi, na kila ajuaye aliruhusiwa kuyasoma na kuyabadili. Hiyo ni tofauti na kiendelezi. Kiendelezi ni kama keria ifungwayo kwa skrubu. Kuifasiri programu ni kama kuifungua baiskeli yenyewe na kuiunda upya.

Walakini chombo cha tahajia kina mpaka wake. Karani akiandika “aliuza shamba” naye alikusudia “aliuziwa shamba,” mashine hunyamaza, kwa kuwa maneno yote mawili yameandikwa sawasawa. Lakini mwenye shamba amegeuka. Mashine hutazama herufi. Maana hutazamwa na mtu.

3. Kuzuia matangazo

Kiendelezi kingine kitumiwacho na wengi ni kile cha kuzuia matangazo ya biashara. Mtu afunguapo ukurasa wa habari, kivinjari hakiletewi maneno ya habari peke yake. Huletewa pia maagizo ya kwenda kuchukua picha na matangazo kutoka mahali pengine pengi, na kila kinachochukuliwa hula bando la mwenyewe. Kiendelezi kama uBlock Origin kina orodha ya anwani za watoao matangazo. Kivinjari kinapotaka kwenda kwenye anwani mojawapo, kiendelezi hukizuia njiani. Ukurasa hufunguka upesi, na bando hudumu zaidi. Yafaa lakini kukumbuka kwamba magazeti mengi ya intaneti hulipwa kwa matangazo hayo. Mtu apendaye gazeti fulani huweza kukiamuru kiendelezi chake kiyaache matangazo ya gazeti hilo.

Si kila kivinjari cha simu hukubali viendelezi. Firefox ya simu za Android ilifungua mlango kwa viendelezi vingi mwezi wa Desemba 2023.

4. Msaidizi mwenye macho

Hapa mfano wa baiskeli wafika mwisho wake. Keria haioni mwenyewe aendako, wala haisomi barua iliyo mfukoni mwake. Kiendelezi chaweza. Ili kizuie matangazo au kifasiri maneno, mara nyingi hupewa ruhusa ya kuusoma ukurasa wote ulio mbele ya mtu. Na viko viendelezi vinavyopewa ruhusa ya kusoma na kubadili kila ukurasa unaofunguliwa. Basi chaweza kuona barua, fedha za benki, hata neno la siri linapoandikwa. Kukiweka ni kama kumkaribisha msaidizi nyumbani na kumpa ufunguo wa kila chumba. Akiwa mwema, kazi huwa nyepesi. Akiwa mbaya, hapana mlango wa kumzuia, kwa maana yumo ndani tayari.

Habari ya kiendelezi kimoja yafundisha jambo hili. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha Chrome. Kazi yake ilikuwa kuzilaza kurasa zilizofunguliwa lakini hazitumiwi, ili kompyuta isilemewe. Kilikuwa chema, kikapendwa, kikapata watumiaji zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mtengenezaji wake alikiuza kwa watu wasiojulikana. Jina halikubadilika, wala alama yake. Watumiaji wengi hawakujua kwamba mwenye ufunguo ni mwingine. Kisha watu wenye ujuzi waliona kwamba maagizo mageni yametiwa ndani yake. Mwezi wa Februari 2021 Google walikiondoa, wakakizima katika kompyuta za watu, wakisema kwamba kina programu yenye madhara.

Watumiaji hao hawakuwa wajinga. Walimchagua msaidizi mwema, wakamwamini, kisha mwenye kumtuma akabadilika. Kwa sababu hiyo haitoshi kuchunguza siku ya kwanza tu.

5. Kanuni za kufuata

Mtu mwenye busara hufuata mambo manne.

Kwanza, huchukua viendelezi katika duka la kivinjari chenyewe, wala hafuati kiungo alicholetewa na mtu asiyemjua.

Pili, husoma ruhusa zinazoombwa, akazipima na kazi yenyewe. Kiendelezi cha kubadili rangi ya ukurasa mmoja kikitaka kusoma kurasa zote, pana shaka.

Tatu, huweka vichache. Kila kiendelezi ni mlango mmoja zaidi, na pia hula nguvu ya kompyuta.

Nne, huvitazama tena mara kwa mara, akakiondoa kila asichokitumia. Na kiendelezi kikianza kuomba ruhusa mpya, hukizima kwanza, akauliza sababu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa namna hii wamewaponya wengi, nao wamewapa waandishi wa Kiswahili chombo kinachowaelewa. Lakini mwenyeji mwema humkaribisha mgeni kwa moyo mkunjufu, na bado hujua funguo zake ziko kwa nani.

Maswali

1. Kwa nini mtengenezaji wa programu huacha mahali pa kushikamanisha viendelezi?
2. Mstari mwekundu chini ya neno wasema nini, na hausemi nini?
3. Kwa nini orodha ya maneno ya Kiswahili yahitaji kanuni za viambishi?
4. Eleza tofauti ya keria ya baiskeli na kiendelezi cha kivinjari.
5. Watumiaji wa The Great Suspender wangaliweza kujikinga kwa njia gani?